Diski imekufa kwenye seva ya ofisi: namna ya kuibadilisha bila kuziua zilizobaki

Kwenye ofisi moja ya uwakala wa forodha, jirani na bandari, boksi la kuhifadhia data lilikuwa na diski nne. Moja ikafa. Skrini ikaandika kwamba mbovu ni diski namba 2. Kijana wa ofisi, mtu makini kabisa, akahesabu kutoka kushoto, moja, mbili, akachomoa ya pili. Boksi lile huanza kuhesabu kwenye 0, kwa hiyo mbovu ilikuwa ya tatu. Alichomoa diski nzima. Mpangilio ulikuwa RAID 5 (RAID ni namna ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja), unaovumilia kukosekana kwa diski moja tu, hivyo mafaili yote yakapotea kwenye kompyuta za ofisi nzima saa nne asubuhi, wateja wakiwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri nyaraka za makontena yao.

Niliitwa mchana. Ilituchukua siku tatu kunakili diski moja baada ya nyingine kabla hatujathubutu kuziunganisha tena, na tukarudisha karibu kila kitu. Tangu siku ile kuna jambo ninaloanza nalo kila ninapomfundisha fundi mpya: diski iliyokufa imeshafanya madhara yake, na mfumo umeshajihami nayo. Hatari iliyobaki ni mkono wa anayekuja kutengeneza. Karibu yote nitakayoeleza hapa yanahusu kuutuliza mkono huo.

Kabla ya kugusa chochote

Kama mafaili bado yanafunguka, hakuna moto wa kuzima. Una muda wa kufikiri. Usizime mashine na kuiwasha "ili ijirekebishe". Diski iliyozunguka miaka mitano bila kusimama inaweza kugoma kuanza tena ikishazimwa, na katika hali hii hutaki kujua ni ipi kati ya zilizobaki yenye tabia hiyo.

Fahamu kwanza mpangilio wako unavumilia nini. RAID 1 ni diski mbili zenye kitu kilekile, ikifa moja nyingine inaendelea. RAID 5 inavumilia kifo kimoja, RAID 6 viwili. RAID 10 ina jozi jozi: diski mbili zikifa kwenye jozi tofauti unapona, zikifa za jozi moja umekwisha. RAID 0 haivumilii chochote, na ukiikuta imebeba mahesabu ya ofisi, mwambie mwenye ofisi ukweli siku hiyohiyo.

Kisha chukua bakapu, yaani nakili mafaili kwenye diski ya nje. Najua wapo watakaosema, "Si tuna RAID, bakapu ya nini?" RAID kazi yake ni kuifanya huduma isisimame diski ikifa. Faili likifutwa kwa bahati mbaya linafutwa kwenye diski zote kwa pamoja, na kirusi kikiyafunga mafaili kwa kudai fidia kinayafunga kote. Sasa hivi, ukiwa na diski pungufu, hata ule ulinzi mdogo wa RAID 5 haupo tena. Nakili kwanza visivyoweza kupatikana kwingine: kanzidata ya uhasibu, mishahara, mikataba iliyoskaniwa, kumbukumbu za wagonjwa au wanafunzi. Picha za sherehe ya mwisho wa mwaka zitafuata. Ukimaliza, chomeka ile diski ya nje kwenye kompyuta nyingine kabisa ufungue mafaili matatu manne. Bakapu ambayo haijawahi kufunguliwa huwezi kuihesabu.

Piga picha kwa simu: skrini inayoonyesha hitilafu, taa za mbele, waya za nyuma. Picha hizo zitakuokoa saa mbili usiku utakapojiuliza waya wa bluu ulikuwa tundu gani.

Je, kweli ni diski?

Usikimbilie dukani. Diski nyingi hubeba lawama zisizo zao. Kila diski ina daftari lake la ndani la afya, liitwalo SMART, na boksi nyingi hulionyesha kwenye ukurasa wake wa usimamizi. Kwenye mashine zinazotumia mfumo wa Linux unalisoma kwa amri ya smartctl -a ikifuatiwa na jina la diski, mfano /dev/sdb. Mistari minne inatosha kukupa picha. Wa 5 unahesabu sehemu zilizoharibika zikahamishiwa akiba. Wa 197 ni sehemu zinazosubiri kuamuliwa, wa 198 ni zilizoshindikana kusomeka. Hiyo mitatu ikiwa juu ya sifuri na inazidi kupanda wiki hadi wiki, diski inakufa kweli. Mstari wa 199 ni habari nyingine: unahesabu makosa ya mawasiliano njiani, kati ya diski na ubao mkuu wa mashine. Ukipanda huo peke yake, shuku waya au tundu kwanza. Waya wa SATA, huo unaounganisha diski na ubao, haugharimu hata robo ya bei ya diski.

Na kuna mshukiwa ambaye mjini kwetu namkuta mara kwa mara: adapta ya umeme. Boksi ndogo za diski mbili au nne hutumia adapta ya nje inayofanana kwa umbo na ya laptopu, ila ya volti 12. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye laini hiyo ya volti 12. Nne zikiamka pamoja ni ampea 8. Sasa adapta ya awali iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo, mtu akaenda Kariakoo akanunua ya ampea 5 kwa sababu plagi iliingia. Boksi linawaka, wiki inapita, halafu diski zinaanza kudondoka, leo hii, kesho ile, keshokutwa tena ya kwanza. Ukiona diski tofauti zinapotea na kurudi bila mpangilio, usinunue diski. Soma kibandiko cha adapta. Volti lazima ziwe zilezile, ampea ziwe zilezile au zaidi, na ule mchoro mdogo wa chanya na hasi ufanane na uliochapwa kwenye boksi.

Siriali, siriali, siriali

Hapa ndipo kijana wa forodha alipojikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Namba ya tundu haiaminiki. Boksi moja linahesabu kuanzia 0, jingine kuanzia 1. Nyingine zinahesabu kutoka kushoto kwenda kulia, nyingine kutoka chini kwenda juu. Kwenye Linux ni balaa zaidi, maana majina kama sda na sdb yanaweza kubadilika mashine ikizimwa na kuwashwa. Kitu kimoja tu hakibadiliki: siriali ya diski, iliyoandikwa kwenye kibandiko chake na pia ndani ya diski yenyewe, ambako mfumo unaweza kuisoma. (Ukimpigia simu mtu wa ofisini akusomee, tamka vizuri. Nimewahi kuomba "namba ya siriali" nikatajiwa namba ya siri ya mtu.)

Fanya hivi. Andika kwenye karatasi siriali za diski zote ambazo mfumo bado unaziona na unasema ni nzima. Andika na ya ile inayodaiwa kuwa mbovu. Kama mbovu imekufa kabisa na haionekani, utaijua kwa kuondoa: vibandiko viwe vinne, orodha iwe na tatu, iliyobaki ndiyo yenyewe. Mashine kubwa zina amri ya kuwasha taa ya kumulika tundu husika. Itumie, lakini usiitegemee peke yake. Ijaribu kwanza kwa kumulika diski nzima jirani yake, uone kama taa inayowaka ni ile uliyoitarajia.

Kama ni mashine isiyoruhusu kuchomoa diski ikiwa inawaka, hapo huna njia ila kuizima kwa utaratibu, kufungua, na kusoma vibandiko kwa tochi. Zima tu baada ya bakapu kukamilika.

Wakati wa kuchomoa wawe watu wawili. Mmoja anasoma tarakimu nne za mwisho kutoka kwenye karatasi, mwingine anazirudia kwa sauti akiwa ameshika trei, kile kibebeo ambamo diski hukaa. Mafundi wazoefu huona aibu kufanya hivi mbele ya mteja. Wasione. Marubani wa ndege za abiria husomeana orodha kila safari, na hakuna abiria anayewaona wageni wa kazi.

Ukishamaliza kazi yote, bandika mbele ya kila trei kipande cha tepu chenye tarakimu nne za mwisho za siriali ya diski iliyomo. Ni dakika kumi za kazi, na fundi atakayekuja baada yako hatalazimika kukisia.

Diski ya kununua

Ukubwa uwe uleule au zaidi. Angalia hapa: diski mbili zilizoandikwa 4TB kutoka kwa watengenezaji tofauti, au hata kutoka kwa mmoja kwa miaka tofauti, zinaweza kutofautiana kidogo, na ikipungua kwa kiasi kidogo tu mfumo utaikataa. Kama huna hakika, chukua ya ukubwa unaofuata. Nafasi ya ziada itakaa bure lakini kazi itakwenda.

Aina ya kiungio iwe ile inayokubalika. Tundu la SAS, kiungio cha seva kubwa, hupokea diski ya SATA, ila tundu la SATA halipokei ya SAS. Usilazimishe kwa nguvu.

Uliza namna diski inavyoandika. Zipo zinazoandika mistari pembeni kwa pembeni, aina iitwayo CMR, na zipo zinazolaza mstari juu ya mwenzake kama vigae vya paa ili kubana nafasi, nazo huitwa SMR. Hizi za vigae kwa kutunza picha nyumbani hazina neno. Kwenye RAID inayojijenga upya zinaweza kujikongoja siku kadhaa hadi kontrola, kifaa kinachoziongoza diski, ikaziona zimekufa. Mwaka 2020 kulikuwa na manung'uniko makubwa duniani baada ya kubainika kwamba baadhi ya diski zilizouzwa mahususi kwa boksi za RAID zilikuwa za vigae bila mnunuzi kuelezwa. Siku hizi watengenezaji wameweka orodha wazi kwenye tovuti zao. Tafuta namba kamili ya modeli kabla ya kutoa hela.

Halafu kuna suala la mpya isiyo mpya. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika Ujerumani kwamba diski zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zimeuzwa kama mpya, hesabu ya saa ikiwa imerudishwa sifuri. Kama hilo limetokea huko, kwetu pia tuwe macho. Ukiwa Kariakoo au kwenye maduka ya kompyuta ya Posta, omba diski ichomekwe pale pale usome saa ilizowashwa. Angalia skrubu na matundu yake kama yana mikwaruzo ya kufungwa na kufunguliwa. Dai risiti ya EFD na omba siriali iandikwe juu yake au kwenye karatasi ya waranti, maana bila hiyo miezi sita mbele utaambiwa diski hii si ya kwetu. Muuzaji mwema hatakasirika, na akikasirika utakuwa umepata jibu.

Kama bajeti inaruhusu nunua mbili, ya pili ikae kabatini. Diski za boksi moja mara nyingi zimenunuliwa siku moja, zimepigwa na joto lilelile na kukatikiwa umeme pamoja. Moja ikifa, wenzake wana umri uleule.

Usafiri nao. Diski ndani ya buti ya bodaboda, bila kitu cha kuizuia, kutoka Kariakoo hadi Tegeta, inagongwa njia nzima. Iache kwenye mfuko wake na sponji yake, ipakate.

Saa ya kazi

Kuchomoa na kuchomeka ni dakika tano. Kinachochukua muda ni diski mpya kujazwa. Piga hesabu: diski ya 8TB ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde bila kukatizwa, itachukua karibu saa 15. Hapo hakuna mtu anayeitumia seva. Ofisi ikiwa kazini inaweza kufika siku mbili. Muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na pembe ambazo hazijaguswa miaka, na ni kipindi hicho ambacho diski ya pili iliyochoka hujitokeza.

Kwa hiyo mafundi wengi tunachagua Ijumaa jioni. Ni wazo zuri lenye mtego ndani yake. Ijumaa jioni ofisi nyingi za Dar huzima viyoyozi kuokoa umeme. Mlinzi anapita, anasikia kiyoyozi kinanguruma kwenye chumba kisicho na mtu, anakizima kwa nia njema kabisa. Mwezi wa pili, chumba kidogo kilichofungwa bila dirisha, diski nne zikifanya kazi mfululizo: ifikapo Jumamosi mchana chumba kimekuwa tanuri. Diski nyingi za kawaida zimeandikiwa mwisho nyuzi 60, lakini mimi nikiona zinavuka 45 wakati wa kujijenga napunguza kasi ya kazi au naongeza feni.

Ongea na mlinzi ana kwa ana. "Shikamoo mzee. Kuna kazi inaendelea chumba kile mpaka Jumapili, kiyoyozi na ile mashine visizimwe. Ukisikia king'ora, nipigie, hata iwe usiku wa manane." Kisha bandika karatasi mlangoni na kwenye swichi: USIZIME, na jina lako na simu yako. Mtu wa usafi naye aambiwe, kwa sababu soketi ya UPS (betri inayoshika mashine umeme ukikatika) ndiyo anayoichomoa achomeke mashine ya kusafishia zulia.

Angalia matangazo ya TANESCO kama kuna matengenezo eneo lako wikiendi hiyo. Jaribu UPS kabla, kwa kuchomoa plagi yake ukutani ukiwa na saa mkononi, na ufanye hivyo kabla hujaanza kazi ya diski, si katikati. Kama UPS inakupa dakika nane na jenereta inahitaji mtu wa kuiwasha, mtu huyo awepo. Wakati wa masika, chumba kikiwa chini kabisa ya jengo na maji huwa yanaingia, usianze kabisa mpaka boksi limeinuliwa kutoka sakafuni.

Kuchomoa na kuchomeka

Kuna imani kwamba hapa kwetu pwani hakuna umeme tuli kwa sababu ya unyevu. Nje, kwa kiasi, ni kweli. Ndani ya chumba chenye kiyoyozi kinachokausha hewa mchana na usiku, huku umevaa soksi za nailoni juu ya zulia, si kweli. Vaa kamba ya mkononi ya kuondoa umeme tuli, iliyounganishwa na kasha la chuma la mashine. Kama huna, gusa chuma kisichopakwa rangi cha mashine iliyochomekwa kwenye soketi yenye ethi, na urudie kila baada ya dakika chache. Shika diski ubavuni. Usiguse ubao wake wa chini.

Unyevu wenyewe una hatari nyingine. Kitu kilichopoa kikitolewa kwenye baridi kikaingia hewa ya joto, kinatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka friji. Diski ya akiba iliyokaa chumba cha seva chenye nyuzi 18 isifunguliwe kwenye korido yenye nyuzi 32. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ifikie joto la pale utakapoifungulia, saa moja au mbili.

Sasa kazi yenyewe:

1. Kama mfumo haujaiondoa diski mbovu kwenye kundi, iondoe kwa amri kwanza. Kwenye mdadm, programu ya RAID ya Linux, ni kuitangaza imeshindwa kwa --fail, kisha --remove. Boksi nyingi zina kitufe cha kazi hiyo kwenye ukurasa wa usimamizi.

2. Someaneni siriali, wawili, kwa sauti.

3. Fungua kishikio cha trei, vuta sentimita mbili tatu tu ili ikatike umeme, kisha subiri nusu dakika. Visahani vya ndani bado vinazunguka kwa kasi. Ukiigeuza ghafla unaweza kuiumiza, na kama kumbe umekosea ungependa iwe bado nzima.

4. Angalia skrini. Kama kilichopotea ni ile mbovu, endelea. Kama mfumo umelia kwamba nyingine imepotea, simama hapo hapo, mikono pembeni, soma sehemu ya "Zikifa mbili" hapa chini.

5. Itoe, soma kibandiko kwa mara ya mwisho, bandika karatasi MBOVU na tarehe. Iweke mbali na mpya. Nimeona mbovu ikirudishwa tunduni kwa sababu zilikaa meza moja na zinafanana kama mapacha.

6. Funga mpya kwenye trei kwa skrubu zilezile, si ndefu zaidi. Isukume taratibu kwa mkono mmoja mpaka mwisho, ndipo ufunge kishikio. Tundu likigoma, toa na utazame, usipige kwa kiganja.

Subiri dakika mbili. Mifumo mingi yenye kontrola yake itaanza kujijenga yenyewe. Mingine inangoja amri: mdadm kwa --add, na ZFS, mfumo mwingine wa kuunganisha diski, kwa zpool replace. Hakikisha kwa macho kwamba asilimia imeanza kusogea kabla hujaondoka kwenye kiti.

Kama una muda na diski zilizobaki hazionyeshi dalili mbaya, ipime diski mpya kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuiingiza, kwa jaribio refu la smartctl -t long. Kwa diski kubwa ni usiku mzima. Mpya nazo hufa, nyingine ndani ya wiki ya kwanza.

Inapojijenga

Acha. Usizime, usisasishe programu, usianzishe ukaguzi wa virusi wa mafaili yote, usichomoe nyingine "kwa kuwa tumeshafungua". Kama diski mbili zinatakiwa kubadilishwa, ni moja mpaka asilimia 100, ndipo ya pili. Angalia joto na asilimia kila baada ya saa chache, hata kwa simu ukiwa nyumbani.

Ikifika 100, anzisha ukaguzi wa mfumo mzima, ule unaosoma kila kipande na kulinganisha, kisha uupange uwe unajirudia kila mwezi. Sehemu mbovu zilizolala hugunduliwa hivyo mapema, siku ambayo bado una diski zote. Tuma pia barua pepe ya majaribio kutoka kwenye mashine. Ofisi ile ya forodha, tulipofuatilia, tuliona boksi lilikuwa limetuma maonyo wiki tano kwenye anwani ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi.

Vifaa vingine

Pawa saplai. Seva kubwa huwa nazo mbili, na moja inaweza kuchomolewa nyingine ikibeba mzigo. Hakikisha kwanza taa ya ile inayobaki ni ya kijani na waya wake umeingia UPS, si soketi ya ukutani. Chomoa waya wa umeme, ndipo utoe pawa saplai. Usiifungue kamwe kutafuta fyuzi ndani: umeme wetu ni volti 230, na kapasita za ndani hubaki na chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako. Badilisha nzima kwa modeli ileile.

Feni ni rahisi, ila ziko zinazotaka mashine izimwe, na mashine nyingine hujizima baada ya dakika chache zikikosa feni moja. Soma mwongozo wa modeli yako na uwe na mpya tayari mkononi. Angalia mshale wa upepo. Feni iliyofungwa kinyume inasukuma hewa ya moto irudi kwenye diski.

Betri ya kontrola hutunza data iliyoko njiani umeme unapokatika. Ikichoka, kontrola nyingi huacha kutumia hifadhi ya muda na kuandika moja kwa moja kwenye diski, na utasikia ofisi ikilalamika kuwa seva imekuwa nzito. Hapo usikubali ushauri wa kuilazimisha itumie hifadhi hiyo bila betri. Zima mashine kwa utaratibu ili kilichoko njiani kiandikwe chote, ndipo ubadilishe. Betri iliyovimba isitobolewe wala kubanwa, wala isitupwe na taka za ofisi zikachomwe moto.

Kontrola yenyewe ikifa, diski zako mara nyingi ziko salama, maana maelezo ya mpangilio yameandikwa kwenye diski zenyewe. Weka alama kila diski ilikuwa tundu gani. Tafuta kontrola ya modeli ileile, au ya familia moja inayotambua mpangilio huo, yenye programu ya ndani ya toleo lilelile au jipya zaidi. Ukiwasha, itakuambia imeona mpangilio wa kigeni na kukuuliza ufanye nini. Jibu ni Import. Ukibonyeza Clear utafuta maelezo ya mpangilio, na Initialize itaanza kuandika juu ya data yako.

Zikifa mbili

Kwenye RAID 5, kazi ya kubadilisha imeishia hapo. Usiingize diski mpya. Usilazimishe mfumo ukubali. Andika siriali, tundu na muda kila moja ilipoanguka, kwa sababu iliyoanguka mwisho ndiyo yenye data ya karibuni. Kila diski inakiliwe kwanza nzima kwenye diski nyingine kwa programu ya ddrescue, ambayo inaruka sehemu mbovu na kuzirudia baadaye, kisha majaribio yote yafanyike kwenye nakala. Diski inayogonga, ile sauti ya tak tak tak, isiwashwe tena hata mara moja. Inahitaji watu wenye chumba kisicho na vumbi. Na ule ushauri wa kuiweka diski kwenye friza usiufuate popote, sembuse hapa Dar, ambako ikitoka tu itaoga maji.

Ile mbovu

"Imekufa" maana yake mfumo umeikataa. Data iliyomo mara nyingi bado inasomeka na mtu mwenye subira. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka ulinde taarifa za watu ulizokusanya, na kuitupa diski ya kliniki kwa wanunuzi wa skrepa si kuzilinda. Kama bado inawaka, ifute kwa kuandika juu yake yote. Kama haiwaki, toboa visahani kwa drili matundu kadhaa ukiwa umevaa miwani ya kazi, kwani visahani vingine ni vya kioo. Ya SSD haina visahani: vunja chipu zenyewe, zote.

Waranti ikidai diski irudishwe, kaa na mwenye ofisi kwanza. Kama data yake ilikuwa imesimbwa, yaani imefichwa isisomeke bila nywila, tangu mwanzo, irudishe bila wasiwasi. Kama haikuwa, na ilibeba majina ya wagonjwa, mimi humshauri asamehe hiyo diski ya bure na anunue nyingine. Kisha andika kwenye daftari la seva siriali iliyotoka, iliyoingia, tarehe, na tarehe ya kwenda kuangalia tena mstari wa 5, wa 197 na wa 198 kwenye zile tatu za zamani. Mimi huweka wiki mbili.